Dawa ya kupe haiingii mzingani

Mwezi uliopita nilifunua mzinga wa sanduku karibu na msitu wa Ngezi, Pemba, harufu ya josho ikanipokea kabla sijapuliza moshi. Chini nyuki wamelala unene wa vidole viwili, ndimi nje. Mwenyewe alikuwa ameona utitiri mmoja mwekundu mgongoni mwa nyuki kibarua, akanyunyiza dawa iliyobaki ya kuogeshea ng'ombe. Si wa kwanza kwangu, na inaniuma kila mara.

Wafugaji wenzangu, dawa ya kupe ni sumu ya wadudu, na nyuki ni mdudu. Utitiri huo, varoa, hauishi mgongoni tu. Jike lake huingia kwenye tundu la jana, yaani mtoto wa nyuki, kabla halijafunikwa na nta, huzalia humo, na jana la kibarua hukaa limefunikwa siku kama 12, la dume hata 14. Unaponyunyiza, utitiri mwingi umejifungia ndani, nyuki ndio wako nje. Wanaosalia huhama, na nta inabaki na sumu.

Kuona mmoja si ugonjwa. Varoa ilionekana Afrika Kusini mwaka 1997, na nyuki wa huko wengi waliachwa bila dawa wakajistahimilia. Nyuki wetu nao ni wa Kiafrika, husafishana na hutoa majana mabovu. Basi hesabu kwanza.

Chukua nyuki kutoka sega lenye majana yasiyofunikwa, jioni jua likipoa, siku kavu. Kabla ya kukung'uta, tafuta malkia uhakikishe hayupo kwenye sega hilo! Nimeshamwona malkia aliyetikiswa ndani ya chupa na mtu aliyekuwa na haraka. Pima mililita 120 za nyuki, ambao ni kama 300. Kikombe cha kahawa ya barazani hakifiki kipimo hicho, msinidanganye. Watie kwenye chupa pana, ongeza vijiko 2 vya chakula vya sukari ya unga, funika kwa wavu wenye matundu ya milimita 3. Chandarua cha mbu hakifai, matundu yake ni madogo, utitiri hautapita na utasema mzinga wako ni safi.

Viringisha chupa taratibu dakika 1. Iache itulie dakika 2, wala usipunguze, maana hapo utitiri ndio unaachia. Kisha ipindue, tikisa dakika 1 juu ya sahani nyeupe yenye maji kidogo. Sukari huyeyuka, utitiri unabaki, mwekundu wa kahawia, bapa, upana wake milimita 1 na nusu hivi. Gawa hesabu kwa 3, upate idadi kwa kila nyuki 100. Nyuki wamwage juu ya fremu, watalambana sukari. Wakati wa masika sukari huganda kwa unyevu, hesabu inakuwa ya uongo, subirini.

Ukipata zaidi ya 3 kwa 100 na unaona vibarua wenye mabawa yaliyojikunja, kata sega la madume lililofunikwa, kwani utitiri hupenda huko zaidi. Likate ndani ya siku 20 tangu malkia atage, kwa sababu siku ya 24 dume hutoka na utitiri wake. Rudia kuhesabu baada ya mwezi, ikishuka ni vyema.

Sega ulilokata usilitupe chini ya mzinga. Mende wadogo wa mizinga na nondo wa nta hufuata hapo hapo, na viluwiluwi vya mende hushuka udongoni kuwa pupa. Kundi dhaifu ndilo wanalolimaliza, kwa hiyo punguzeni mlango wake na ondoeni masega yasiyokaliwa. Kuzuia wadudu chungu, miguu ya kichanja cha mzinga iwe ndani ya makopo yenye oili chafu.

Na mzinga uliokwisha kutiwa dawa ya kupe, asali yake isiuzwe wala isiliwe nyumbani. Masega yake yafukiwe mbali na kisima, nta yake isichanganywe na nyingine, na mbao zisipewe kundi jipya.