Usiuze lenzi yako pana ya zamani kabla hujajaribu hii

Wakuu, kama una lenzi pana (inayochukua eneo kubwa) ya kufokasi kwa mkono na unataka kuhamia ya otofokasi ukidhani picha zitakuwa kali zaidi, angalia kwanza vioo vya ndani ni vilevile au vimebadilika. Mfano lenzi ya Nikon, Nikkor 24mm f/2.8 AI-S (ya mkono) na AF-D iliyofuata (ya otofokasi), zote zina vioo 9 kwenye makundi 9, kwa hiyo unacholipia hapo ni mota ya kamera kukufokasia na chipu ya kuongea na kamera, sio ukali.

Ile ya zamani inashinda kwenye pete ya kufokasi. Inazunguka mbali, ina uzito fulani mkononi, na pembeni kuna namba za apacha (tundu la kupitisha mwanga, ndio hizo f/8, f/11) zinazokuonyesha wapi mpaka wapi patakuwa pakali. Sasa fanya hivi: weka f/11, alafu zungusha mpaka alama ya infiniti (∞, yaani mbali kabisa) ikae kwenye namba 8 badala ya 11 maana sensa za siku hizi zinaona hata ukungu mdogo, na kwenye 24mm hapo unapata kuanzia kama mita 1.2 mpaka mbali kabisa, unapiga tu bila kugusa fokasi tena. Kwa mitaani na mandhari ni raha sana kwa kweli.

Otofokasi nunua kama unapiga watu wanaokimbia kimbia kwa f/2.8, hapo mkono unachelewa. Na wa Canon kumbukeni lenzi za FD (za zamani za mkono) hazifokasi mbali kabisa kwenye bodi ya EF (kamera za otofokasi zilizofuata) bila adapta yenye kioo, na hicho kioo mara nyingi kinaharibu kona.