Ukishusha gari na koilova, pima na futi usihesabu nyuzi

Jamani mnaoshusha Altezza na Mark X hapa Dodoma, msihesabu nyuzi (ile mikato kama ya skrubu) zilizobaki kwenye shokapu ya koilova, ile unayopandisha na kushusha gari kwa kuzungusha ringi za chini ya springi, mkadhani gari imekaa sawa. Chukua futi, pima toka katikati ya rimu mpaka ukingo wa fenda, matairi yote manne, andika kabla hujafungua kitu. Ukishazungusha zile ringi shusha jeki, sukuma gari mbele na nyuma mita 5 hivi ndo upime tena, maana ikitoka tu kwenye jeki springi inakuwa haijakaa, inakudanganya kabisa. Mi ningeanza na sentimita 3 tu, kwa matuta yetu haya na mitaa ya ndani ya Nkuhungu bampa unaliacha barabarani hivi hivi. Halafu vumbi la huku! Linajaa kwenye nyuzi, mvua za Desemba zikija linaganda na ringi haizunguki tena, kwahiyo piga brashi ya waya kwanza ndo ushike spana, usilazimishe utaua nyuzi. Bushi za amu (raba za vyuma vinavyoshika tairi) zikazwe gari ikiwa imekaa chini na uzito wake, sio inaning'inia, zitachanika mapema. Alaimenti ya matairi lazima, na taa zipimwe upya.