Jinsi ya kufundisha Kristo Mfalme kwenye jumuiya bila kuishia kwenye punda

Wapendwa, kama mwaka huu umepangiwa wewe kuongoza tafakari ya sikukuu ya Kristo Mfalme kwenye jumuiya yenu, iwe Igoma, Igombe au kule Ukerewe, naomba usiishie kwenye "alipanda punda, na sisi tuwe wanyenyekevu" halafu mkafunga kwa sala.

Someni Zekaria 9:9 pamoja na mstari wa 10. Mathayo 21 imebeba huu wa punda tu, nadhani ndo maana ule wa pili tunausahau, na humo ndo kuna kazi yenyewe: magari ya vita yanaondolewa Efraimu, farasi wanaondolewa Yerusalemu, upinde wa vita unavunjwa, ndo anawatangazia mataifa amani. Sasa waulize, hao farasi ni wa nani? Waache wahangaike kidogo, usiwajibie haraka. Efraimu na Yerusalemu ni kwa huyo mfalme mwenyewe jamani! Hajaanza na silaha za adui, kaanza na za nyumbani.

Ukifika hapo lete maisha yao. Chukua ugomvi wa mahesabu ya dagaa, maana huku ziwani kila mtu anaujua, tajiri wa mtumbwi anakata mafuta, anakata posho, anakata nyavu iliyochanika, wavuvi wanalalamika wameibiwa na yeye anawaita wakorofi. Waulize silaha ya tajiri ni ipi. Kuna mtu atasema hela, lakini mara nyingi ni lile daftari, analishika peke yake na anaandika peke yake. Kuvunja upinde kwake ni kulifungua mbele ya wote, mstari kwa mstari, kabla hajauliza nani kachana nyavu.

Sehemu hii kuwa makini sana: usimgeukie mvuvi ukamwambia anyenyekee. Luka 22:25-26 Yesu anaongea na wanaotaka ukubwa, na kwenye Yohana 13 aliyeinama kuosha miguu ni yeye Bwana, na Yuda alikuwa bado hajatoka.

Historia gusia tu, Papa Pius XI aliianzisha sikukuu hii 1925, miaka michache baada ya Vita Kuu ya kwanza.

Mwisho msiwalazimishe waliogombana kushikana mikono mbele za watu. Mwenyekiti aanze yeye kusema anaachia nini, kisha mkae kimya kidogo, anayetaka ataongea.