Mtafute Mshenga: Namna ya Kulinganisha Mapenzi katika Tamthilia za Kisayansi

Njia ninayoieleza hapa tuliipata baada ya kukosea. Ilikuwa Lamu, mtaa wa Mkomani, katika jioni za kusi kali ambapo vijana wa nyumbani hukusanyika sebuleni mbele ya kompyuta moja na kubishana ni tamthilia ipi ya anga inayojua kuandika mapenzi. Kosa letu la kwanza lilikuwa kuhesabu mabusu. Kwa hesabu hiyo The X-Files, iliyoanza mwaka 1993, ilitoka ya mwisho, kwa kuwa wapelelezi wake wawili, Mulder na Scully, ukiacha lile busu lililofanana na ndoto, hawakubusiana hadi sehemu ya mwaka mpya iliyoonyeshwa Novemba 1999, katika msimu wa saba. Hata hivyo hakuna aliyekuwa pale sebuleni aliyethubutu kusema kwamba wawili hao hawakuwa wakipendana.

Basi acha mabusu, uchague tamthilia mbili, zisizidi tatu, na katika kila moja uchague jozi moja ya wahusika. Chukua daftari, na katika safu ya kwanza uandike kitu kinachowazuia wasiseme wanachokihisi. Hapo usikae sana, maana vizuizi si vingi: cheo, vita, kabila la sayari nyingine, woga.

Kazi yenyewe iko katika safu ya pili, ambayo sisi tuliiita safu ya mshenga. Kwetu mshenga ndiye abebaye neno la posa kutoka nyumba hadi nyumba, ili mwenye kuposa asivunjiwe uso akikataliwa. Wahusika wa tamthilia hizi hawana mtu wa kuwabebea neno, kwa hiyo mwandishi hulazimika kuunda kitu kitakachofanya kazi hiyo, na mara nyingi kitu hicho ndicho sayansi yenyewe. Tazama Stargate SG-1, katika sehemu moja ya msimu wa nne iliyoonyeshwa mwaka 2000. O'Neill na Carter ni maofisa wa Jeshi la Anga la Marekani, mmoja ni mkubwa wa mwenziwe, na kanuni zinawakataza. Mashine ya kupima ukweli inawatia shakani kwa sababu kuna jambo wanalolificha, na ili wasihukumiwe kuwa wametekwa akili na adui, wanalazimika kulitamka mbele ya daktari na wenzao. Walichokuwa wakificha ni mapenzi. Wakishasema, wanakubaliana kwamba maneno yale yabaki mle mle chumbani. Kwa hiyo hapa mashine ndiyo mshenga, naye ni mshenga aliyepeleka posa kisha akaamriwa asipeleke jibu.

Linganisha na Star Trek: Voyager, katika sehemu ya mwaka 1997 ambapo Tom Paris na B'Elanna Torres wanaelea angani ndani ya mavazi ya anga, chombo chao kidogo kimekwisha kuharibika na hewa inawaishia. Ni wakati huo ndipo B'Elanna, mwanamke asiyependa kuonekana dhaifu, anaposema kwamba anampenda. Mshenga wake ni ukosefu wa hewa. Andika na namna ya kulisema neno lenyewe: kwa O'Neill lilivutwa kwa nguvu, kwa B'Elanna lilitoka kwa sababu hapakuwa tena na kesho ya kuionea haya. Tofauti hiyo inakueleza tabia za watu wawili kuliko busu lolote.

Baada ya hapo ondoa sayansi uone kinachobaki. Ukiihamishia hadithi ya O'Neill na Carter katika kambi yoyote ya jeshi hapa duniani, itasimama vile vile. Farscape haihamishiki. Katika msimu wake wa tatu, mwaka 2001, John Crichton anagawanywa kuwa watu wawili, na hakuna kati yao aliye nakala. Mmoja anasafiri na Aeryn Sun katika chombo kingine, wanapendana bila kizuizi, kisha anakufa kwa mionzi huku Aeryn akimtazama. Aeryn anarudi na kumkuta mtu yule yule, sura ile ile, akimngoja, naye hawezi hata kumtazama. Ni mjane wa mtu aliye hai. Sijaona jozi nyingine ambayo mapenzi na sayansi vimefumwa pamoja kama ukili wa mkeka.

Lakini jihadhari usifanye kipimo hiki kuwa hukumu. Adama na Roslin wa Battlestar Galactica, kamanda na rais, watu wazima ambao mmoja wao anaugua saratani, wangeweza kupendana popote, na mapenzi yao hayapungui kitu kwa hilo.

Safu ya tatu ni ya siku za baada ya neno kusemwa, na hapa ndipo waandishi wengi hushindwa. Voyager ni nzuri kwa zoezi kwa sababu mfano mwema na mbaya vimo mle mle. Paris na B'Elanna waligombana, wakaoana mwaka 2000, na alipopata mimba B'Elanna akataka kubadilisha jeni za mtoto ili asizaliwe na alama za Kiklingoni, yaani za kabila la sayari nyingine alikotoka mama yake B'Elanna, kwa hofu kwamba mume atawakimbia kama baba yake alivyomkimbia yeye. Hiyo ni ndoa iliyoandikwa. Chakotay na Seven of Nine, wenzao katika chombo hicho hicho, kwa upande mwingine, waliunganishwa katika sehemu chache za mwisho za mwaka 2001, na dalili ya kwanza ilikuwa Seven kujizoeza mapenzi na taswira ya Chakotay iliyotengenezwa na kompyuta. Katika daftari letu safu yao ya tatu ni tupu.

Ukishazoea, jaribu jozi ngumu: Doctor, msafiri wa wakati katika tamthilia ya Doctor Who, na River Song, kuanzia sehemu za mwaka 2008. Wawili hawa hukutana kwa mpangilio uliopinduka, hivi kwamba mara ya kwanza ya Doctor kumwona River ndiyo mara ya mwisho ya River. Mpwa wangu alishika kalamu kwa muda mrefu.

"Mjomba, hapa mshenga ni nani?"

Nilimwambia aitazame tena sehemu ile ambapo River anafungua kitabu chake cha buluu cha kumbukumbu, akitaja safari moja baada ya nyingine ili ajue mumewe amefika wapi katika maisha yao. Akaitazama, akarudi, akaandika katika safu ya pili neno moja: daftari.