Unataka piano ya nyumbani? Soma hii kabla hujatoa hela

Kama unakaa Dar, Tanga, Mombasa au popote karibu na bahari, mi nakushauri chukua piano ya umeme, ile ya mbao achana nayo kwanza. Ni tamu sana sikatai, ila ndani ina nyuzi za chuma kama 230 hivi na hewa ya chumvi inazipiga kutu, mbao nazo zinavimba unyevu ukizidi, halafu inataka fundi wa kuityuni angalau mara moja kwa mwaka na hao mafundi ni wa kutafuta kwa tochi.

Ya umeme hakikisha ina vitufe 88 na viwe vizito. Hapa ndo wengi wanapigwa jamani, wanauziwa kinanda cha vitufe 61 vyepesi, siku mtoto anakaa kwenye piano halisi vidole havina nguvu. Yamaha P-45 au Roland FP-10 inatosha kabisa kuanzia.

Ya mtumba usiwe na haraka nayo. Iwashe, bonyeza kitufe kimoja kimoja kutoka kushoto mpaka kulia, taratibu kwanza halafu kwa nguvu, kama sauti haibadiliki au kuna kimoja kinapiga kelele kuliko wenzake ujue sensa yake (kile kifaa cha ndani kinachohisi umebonyeza kwa nguvu kiasi gani) imechoka. Kanyaga pedali usikie kama sauti inabaki. Na adapta soma maandishi yake, zingine zilizotoka Japani ni za volti 100 tu, ukichomeka kwenye umeme wetu umeunguza.

Bajeti ya stendi na kiti pia usisahau.