Injini ya EJ20 inagonga? Zima injekta (kinyunyizi cha petroli) moja moja

Kwa Subaru Impreza WRX za zamani: pasha injini hadi iwe moto kabisa, maana ikiwa baridi pistoni hugonga ukuta wa silinda na kukuchanganya. Iache ingurume bila kukanyaga mafuta, chomoa soketi ya injekta moja, sikiliza, irudishe, hamia nyingine. Ile ko-ko-ko nzito ikififia kwenye silinda moja, beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) ya silinda hiyo imelika: bila mlipuko, pistoni haiisukumi tena kwa nguvu. Zima hapo hapo, ivutwe hadi gereji. Usichomoe koili ya cheche badala ya injekta, petroli mbichi itaunguza katalisti (kisafisha moshi cha ekzosi). Njia hii haifai kwa mlio unaosikika ukipanda mlima tu. Kwa huo, kagua oktani ya petroli na taimingi ya cheche.