Wanaojitolea kwenye jumuiya yako ya mtandaoni: jinsi ya kuwashukuru wasikukimbie

Nilipoanza kusimamia jumuiya ya mtandaoni nilidhani watu wa kujitolea huondoka kwa sababu hawapewi kitu. Nikatengeneza vyeti. Wakaendelea kuondoka, tena kimya kimya. Aliyenifungua macho ni dada mmoja aliyekuwa akijibu maswali ya wageni karibu kila usiku. Siku anaaga aliniandikia: "Sikujua kama kuna mtu anasoma." Nilikuwa nasoma kila kitu, ila sikuwahi kumwambia. Utaratibu ufuatao nimeujenga baada ya hapo.

Hatua ya 1: Uliza kilichomleta

Mtu akijitokeza, usimtwishe kazi papo hapo. Mwandikie faraghani: "Karibu sana. Ungependa kusaidia wapi, na kwa wiki una muda kiasi gani?" Yuko anayetaka kujifunza, yuko anayetafuta wenzake wa fani moja, yuko aliyewahi kusaidiwa humo na sasa anarudisha fadhila. Andika majibu yao mahali, kwa kuwa baadaye ndiyo yatakuonyesha nani umpe nini. Aliyekuja kujifunza ukimpa cheti atasema asante. Ukimkutanisha nusu saa na mjuzi wa fani yake, hatakusahau.

Hatua ya 2: Mpe kazi yenye mwanzo na mwisho

"Tusaidie kusimamia kundi" ni mzigo usio na kikomo. Sema hivi: "Pokea wageni Jumanne na Alhamisi, saa moja tu kwa siku, kwa wiki sita." Siku na saa achague mwenyewe, sababu utaiona hatua ya 6. Wiki sita zikiisha, muulize kama anaendelea au anapumzika, na jibu lolote lipokee kwa moyo mmoja.

Hatua ya 3: Mchango wa kwanza ujibiwe siku hiyohiyo

Hata kama una kasoro. Anza na kilichofaa, kisha kasoro moja tu. Nyingine zitangoja.

Hatua ya 4: Shukuru kwa kutaja jambo lenyewe

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko kwingine kote. "Asanteni nyote kwa kazi nzuri" haimgusi mtu, kila mmoja anadhani imemlenga mwenzake. Linganisha na huu: "Jana yule mgeni aliuliza swali lilelile mara tatu, na hukumkaripia. Leo asubuhi nimemkuta anamweleza mwenzake jambo hilohilo. Asante."

Kila Ijumaa natenga dakika 20, napitia mazungumzo ya wiki na kuchagua watu watatu. Mmoja wao lazima awe wa kazi isiyoonekana: anayefuta matangazo ya matapeli, anayesahihisha tahajia, au anayesuluhisha ugomvi faraghani kabla haujamwagika hadharani. Huyo wa mwisho muulize kwanza kama anapenda kutajwa mbele za watu. Wengine hawapendi, na wana haki.

Wikipedia ina desturi ya aina hii tangu 2003: mhariri yeyote anaweza kumtunuku mwenzake nishani ya nyota, ambayo ni picha tu na sentensi ya sababu. Mwaka 2012 watafiti Michael Restivo na Arnout van de Rijt walichapisha jaribio lao. Waliwachagua kwa bahati nasibu baadhi ya wahariri waliokuwa kwenye asilimia 1 ya wachapakazi zaidi, wakawapa nishani hiyo. Tija yao iliwazidi wasiopewa kwa asilimia 60. Na nishani yenyewe haiuziki popote.

Hatua ya 5: Mwongezee mamlaka kidogo kidogo

Kwa wengi, kuaminiwa ndiyo tuzo yenyewe. Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandishi wa programu za kompyuta, ilikugeuza huko kuaminiwa kuwa mfumo: kwa alama 15 uliruhusiwa kuunga mkono chapisho la mwingine kwa kura, kwa 50 ulitoa maoni popote, kwa 2,000 ulihariri machapisho ya wengine moja kwa moja.

Ila chunga unachokihesabu. Niliwahi kutoa beji kwa anayejibu maswali mengi. Haikupita wiki mbili, tukajaa majibu ya "ndiyo", "sawa", "angalia juu". Nilipoifuta, wenye nazo walinuna, na sikuwalaumu. Siku hizi beji huitoa mtu aliyeuliza swali, akisema ni jibu gani lilimtoa kwenye shida.

Hatua ya 6: Zawadi na pesa, polepole

Hacktoberfest, kampeni ya mtandaoni ya kila Oktoba, iliahidi fulana kwa watakaochangia miradi ya programu huria. Mwaka 2020 wenye miradi walifurikiwa na mabadiliko ya ovyo, ya kubadilisha neno moja ili mradi fulana ipatikane. Waandaaji walilazimika kugeuza kanuni mwezi huohuo, ikahesabiwa michango ya miradi iliyojiandikisha yenyewe tu. Kwa hiyo zawadi naitoa baada ya kazi, bila kuitangaza kabla.

Pesa ina mtego wake. Mwaka 1999 waliokuwa wajitoleaji wa AOL, kampuni ya Marekani ya huduma za intaneti, waliishtaki kampuni hiyo, wakidai walikuwa wakifanya kazi ya waajiriwa: walikuwa na zamu, ripoti, na huduma ya bure kama malipo. Kesi iliisha kwa maafikiano ya dola milioni 15 mwaka 2010. Ukimpangia mtu saa na kumdai ripoti, umekaribia kumwajiri, basi mpe ajira kweli kwa mkataba. Kumrudishia gharama ya intaneti aliyoitumia kwa kazi yenu ni jambo jingine; hilo fanya bila kungoja aombe.

Hatua ya 7: Mpe ruhusa ya kuondoka

Dalili ya kuchoka ni majibu yanayofupika na ukali usio wa kawaida yake. Usisubiri alipuke. Mimi huandika: "Naona wiki hizi zimekuwa nzito. Pumzika mwezi mzima, nafasi yako nitaishika mimi." Kisha uishike kweli. Akiamua kuondoka moja kwa moja, mwambie mapema ni lini utaondoa ruhusa zake, jina lake liache kwenye orodha ya waliojenga, na mweleze mgeni atakayeshika zamu ile nani aliianzisha.